Mwiko

Mtaa wetu Kibokoni, na kiboko
kilining'inia nyuma ya mlango, chini ya leso.
Mama hakukihitaji. Alikuwa na mwiko.
Kikombe kimevunjika, mwiko. Chenji ya mahamri
imepungua shilingi mbili, mwiko, na methali juu yake:
mchelea mwana kulia hulia yeye.
Nasi ukubwani tulijisifu:
nilichapwa, na hebu nitazame, si nimekuwa mtu?

Leo haniiti jina langu. Ananiita Zuhura,
dadake aliyezikwa kabla sijazaliwa.
Asubuhi kamwaga uji mkekani mara ya tatu,
akacheka,
na mkono wangu ukapanda wenyewe.

Akainua kiwiko kufunika uso.
Mkao ule ni wangu, wa miaka saba, jikoni.
Sikujua kumbe alikuwa akiuona.

Mtoto kumpiga mzazi ni mwiko.
Mzazi kumpiga mtoto, mwiko pia,
ila ule wa mti.

Nimeshusha mkono. Nakoroga uji mwingine.
Mlangoni Swabra, binti yangu, kasimama na mkoba wa shule,
hajaaga, hajatoka,
anangoja kuona
mtu mzima akikosea hufanywa nini.