Tone

Kaka yangu Gwakisa katuma kakao kutoka Ipinda,
kilo tatu juu ya magunia ya mchele, kwenye Fuso la Mwakalobo,
na kikaratasi: Dada, hizi wanunuzi wamezikataa kwa udogo.
Wewe hujui kukataa. Fanyia Krismasi.

Nikazikaanga kama karanga, chungu kikavu, moto wa mkaratusi,
mpaka zikaanza kulia ta, ta,
na nyumba ikanukia kitu kati ya mkate na siki.
Bupe kamenya hadi kucha zikawa kahawia.
Kisha kwa mzee Lwitiko, mwenye mashine ya kusaga karanga,
aliyegoma kwanza: Itaniachia weusi,
kesho karanga za watu zitatokaje?
Nikamwahidi pakiti. Mashine ikatafuna, ikakohoa,
ikatema tope linalong'aa kama njia ya Katumba baada ya mvua.

Hakuna ugumu, nikamwambia Bupe.
Sufuria kubwa ina maji, ndogo inakaa juu yake.
Tope vikombe viwili, sukari ya kusaga kimoja,
maziwa ya unga kimoja, siagi kijiko cha kujaa,
chumvi ya kubana kwa vidole viwili.
Koroga upande mmoja, usiwe na haraka.
Sharti ni moja tu: ndani maji yasiingie.
Hata tone.

Sharti hilo mpe mtu wa Dodoma.
Sisi wa Tukuyu mvua tunalala nayo, tunaamka nayo,
inatusindikiza hadi sokoni na kuturudisha.

Sufuria ya kwanza ilikubali.
Tukamimina kwenye sinia, tukaweka dirishani,
baridi ya usiku ikafanya kazi ya friji bila kudai umeme.
Asubuhi tukakata vipande, tukavifunga
kwa kurasa za daftari la hesabu, la Bupe, darasa la nne.
Mzee Lwitiko kaangukiwa na sita mara saba, yenye vema.
Mchungaji kapata mkasi, wino mwekundu,
kosa la kugawanya.
Abadilishiwe, mama?
Mwache.

Sufuria ya pili.
Bati letu lina tundu juu ya jiko. Nalijua,
mwaka wa tatu huu nalijua.
Sikulisikia tone likianguka, nililisikia mkononi:
mwiko ukagoma,
kilichokuwa kikiteleza kikawa mchanga,
mabonge makavu, yanashikana na kukatika,
nusu ya kakao ya Gwakisa.

Bupe akalia. Mimi nikakaa kigodani
nikamkumbuka Anyelwisye, wifi yangu, nyumba ya tatu kutoka hapa,
na neno nililolidondosha kwenye matanga ya mama mkwe,
neno dogo, hata nikilirudia peke yangu silioni ukubwa wake.
Miezi minane tunapishana
kama ndoo mbili za kisima kimoja.

Nikamimina maziwa ya moto. Kwa hasira tu, si kwa ujuzi.
Kikombe. Kikombe tena.
Na ule mchanga ukalegea,
ukawa mzito, mweusi, laini,
wa kunywa, si wa kufunga.
Mama, si ulisema maji hayatakiwi?
Nilisema.
Kumbe kidogo ndicho hakitakiwi.

Kwa hiyo pakiti ziko kumi na moja tu,
na chupa moja ya chai isiyo na karatasi wala utepe.
Nimevaa mabuti. Inanyesha ile ya kusimama.
Sina sentensi niliyoiandaa, ninayo lita moja na nusu.
Bupe kabeba vikombe vitatu, kahesabu mwenyewe.
Jikoni kwa Anyelwisye kunatoka moshi: yupo.

Hodi ya kwanza imemezwa na bati.
Ya pili naipiga kwa kisigino cha mkono.