Nafsi ya Kwanza

Siku ya kuajiriwa nilipewa kanuni moja:
akisema 'mimi', nawe sema 'mimi'.
Usiseme 'anasema alipigwa'. Sema 'nilipigwa'.
Mkalimani ni kioo cha dirisha, waliniambia,
nami nikatia sahihi kwa kalamu ya kuazima,
nisikumbuke kwamba vioo ndivyo hulengwa mawe.

Hivyo kila Jumanne, ghorofa ya pili,
nyuma ya kituo cha mafuta, Barabara ya Ngong,
mimi, mwanamke wa Rumonge, mama wa wawili,
nageuka mwanamume wa miaka thelathini na minne
aitwaye Nibigira, mchuuzi wa njugu Kawangware.

Hakalii kiti kinachoupa mlango mgongo.
Bi. Nasimiyu amekwisha kujua: hukigeuza mapema,
huuacha mlango wazi upana wa kiganja,
huuliza, "Leo tuanzie wapi?"
Naye huanzia mbali. Bei ya makaa.
Askari wa kanjo waliomwaga beseni lake Ijumaa,
njugu zikatapakaa lami, watoto wakaokota.
"Nilikimbia," nasema, "hadi Lavington,
sikujua nawakimbia kina nani."

Jirani wanajenga. Nyundo ikigonga chuma
anakoma katikati ya neno,
nami nakoma, nusu yake ingali mdomoni
kama fundi aliyeng'ata uzi, sindano haioni.

"Umutima uhagaze," alisema siku ya kwanza.
Nikatoa harakaharaka: "Moyo umesimama."
Bi. Nasimiyu akainua macho daftarini.
La, nikasema, si kusimama kwa kufa.
Umesimama wima. Kama mtu aliyekuwa amelala
akasikia hatua uani
na tangu hapo hajaketi.
Akaandika. Miezi ikapita. Kisha siku moja akauliza
huo moyo, ukipewa kiti, ungependa kukalia nini.
Nibigira alicheka! Mara ya kwanza kumsikia.
"Kigoda cha mama," nilisema. "Kile cha jikoni,
chenye mguu mmoja mfupi."

Wiki jana tukafika kwenye kile chumba.
Sitakieleza. Nilikieleza kule, yatosha.
Nitasema tu palikuwa na kamba ya katani
na redio iliyopandishwa sauti
na mtu aliyemwita kwa jina la ubatizo, kwa upole.
Nilisema 'walinifunga'. Nilisema 'niliomba maji'.
Halafu, bila kukusudia, nikasema 'akaomba tena'.

Silabi moja tu.
Bi. Nasimiyu aliiweka kalamu chini.
Nilipojitazama, nilikuwa nimejishika vifundo vya mikono,
mimi niliyevuka mpaka kwa basi, na tikiti mkononi,
nisiguswe hata unywele.

Nibigira akanigeukia. Akasema polepole
Kirundi cha nyumbani, cha kuombana chumvi.
Nikanyamaza. Bi. Nasimiyu akangoja.
Kanuni ni kanuni: lisemwalo humu halibaki upande mmoja.
Nikameza mate, nikajiambia mwenyewe kwa sauti yake:
"Dada, hizo kamba ni zangu. Nirudishie.
Mimi uzito wake nimeshauzoea.
Wewe nivushie maneno."

Nyundo ya jirani ikaendelea, naye hakushtuka,
au alishtuka, mimi sikuona, nilikuwa natafuta leso.

Kwenye ngazi alinipa njugu, kifuko cha karatasi
iliyochanwa daftari la mtoto wa shule.
Nilizila zote kabla ya kufika nyumbani,
nikaikunjua karatasi, imelowa mafuta:
kumi na saba gawanya kwa mbili.
Nane, baki moja.
Mwalimu ameweka vema kwa wino mwekundu.
Nimeibandika ukutani juu ya jiko,
na kila nikipika najiuliza
ile moja hubaki kwa nani.