Ukoo wa Ndimi Mbili

Kesho saa tatu nitasimama mbele ya baraza la kata, Hombolo,
niseme nilichomsikia marehemu Chiwanga akitamka
juu ya ekari mbili za zabibu: kwamba ni za binti yake.
Jana usiku mpwa wake alinijia na debe la uwele.
Hakuomba kitu. Aliliweka chini, akasifia paa langu.

Debe lile nalijua.
Liliwahi kuingia kwetu kabla ya reli.

Mtemi wa siku zile alikuwa na mwana mmoja wa kiume.
Kijana alitoka harusini na wenzake, wamejaa pombe ya mtama.
Walipoingia, mto ulikuwa mchanga mtupu;
walipofika katikati, ulikuwa mto.
Alipona mchuna ngozi peke yake,
ameng'ang'ania mkia wa ng'ombe mfu hadi alfajiri.
Mtemi hakuuliza mwili uko wapi.
Aliuliza binti yuko wapi.

Binti, Mbeleje, alikuwa ameolewa mbali, Ukaguru.
Mtemi akawaita wenye tembe wote,
akafunua chungu cha mawe ya mvua,
kila mmoja akagusa jiwe kwa ulimi:
tutamshika Mbeleje kama tulivyokushika wewe.
Babu wa babu yangu, Mgonela, alikuwa wa tatu.
Alisema jiwe lina ladha ya chuma na moshi.

Kisha Mtemi akala kambare wa Bahi, aliokatazwa na mganga.
Akaongeza. Akafa.

Binti alikuwa mwendo wa siku nne.
Masinjisa, mwana wa dada, siku moja na nusu.
Katika hesabu hiyo ndimo tulimozama sote.
Masinjisa akakalia kigoda na vumbi la safari miguuni,
na ngoma iliyomtangaza aliipiga Mgonela.
"Ulimi ulikuwa wangu," alisema, "lakini hofu ilikuwa ya Mtemi."
Neno zuri. Bado tunalo nyumbani,
kama mtu anavyotunza mundu butu.

Misimu kumi na minane.
Kila mwenye tembe akawa mtemi wa ukuta wake.
Ng'ombe mmoja alikuwa wa Mbeleje asubuhi, wa Masinjisa jioni,
usiku akachinjwa na watu wasio wa yeyote.
Wanawake walipanda mtama kwa kunong'ona.
Mawe yakagawanywa, manne huku, matatu kule,
mvua ikashindwa kujua imwitikie nani.

Na Mbeleje, usimlilie haraka.
Alipomkamata Masinjisa akamfunga kwa ngozi mbichi,
aliingia Kigwe akidai ushuru wa miaka yote
kabla hata hajaketi.
Wanawake wa Kigwe walimtoa kwa michi.
Baadaye, alipozingirwa na njaa imeingia ndani,
alijipaka unga wa mwisho mwili mzima,
akavuka mbuga ya magadi chini ya mwezi mpevu.
Walinzi waliona ardhi inatembea.
Wakanyamaza; nani angeripoti hilo?

Hakuna aliyeshinda. Mwana wa Masinjisa alikufa kwa homa,
naye akatuma ujumbe kwa mwana wa Mbeleje:
njoo ukae baada yangu, nimechoka kulinda kigoda.
Kondoo mweusi akachinjwa. Mgonela akajongea ili aape tena.
Kijana akamwambia, "Wewe mzee, kaa.
Ulimi wako umeshafanya kazi."

Tangu hapo hatuitwi kuapa.
Kwenye sherehe hututania, mama akicheka nao,
kisha akisugua masufuria muda mrefu kuliko yalivyohitaji.

Kesho hakutakuwa na jiwe.
Kuna Biblia yenye jalada la plastiki na katibu mwenye haraka.
Nimelipima debe: kilo kumi na nane.
Kabla jogoo hajawika nimelitwika kichwani,
nikalitua mlangoni kwa mwenyewe, nikaondoka.

Lakini njiani, nakiri,
niliingiza mkono mara moja, nikatafuna punje chache.
Chuma. Na moshi.