Lita Ishirini

Januari, Winnipeg. Mji unatia chumvi barabara zake.
Lori la manispaa limepita saa kumi alfajiri
likinyunyiza kama mtu anayekoleza mchuzi asionuia kuula,
nami jikoni, soksi mbili kila mguu,
natia chumvi kwenye ndoo.

Gramu mia saba, kwa mizani ya unga.
Nakoroga kwa mwiko mpya ulioapishwa usiguse ugali.
"Maji ya bomba hapana," alisema Rodelio wa dukani,
"yana klorini. Nunua yaliyokenekwa."
Nikapanda basi na madumu mawili mapajani
katika mji ambao maji yamelala nje bure,
kimo cha magoti.

Kazini wakisikia natoka Tanzania
husema: basi bahari waijua.
Siijui. Mimi ni wa Uvinza.
Chumvi niliijua kwanza, kwenye karai la mama mzaa mama,
maji ya chemchemi yakichemka juu ya kuni
mpaka ukabaki weupe tu.

Nikaweka mchanga. Nikaweka jiwe, kilo mbili,
liitwalo jiwe hai, kwa bei ya viatu vya theluji.
Hita ya urefu wa kidole. Pampu inayonong'ona.
Halafu, kungoja.

Kila jioni matone matano kwenye kichupa:
njano ni salama, kijani ni bado.
Kijani. Kijani. Kijani.
Nasra akaleta wenzake wa darasa la nne.
"Samaki wako wapi?"
"Hawajaalikwa."
"Sasa humu mna nini?"
"Vijidudu. Vinatayarisha maji."
Wakatazama kwa adabu,
kama wageni walioketishwa mezani
wakaandaliwa harufu.

Wiki ya tatu, usiku, kwa tochi,
mnyoo wa manyoyamanyoya akachungulia tunduni.
Hatukumnunua. Alikuja na jiwe
kama mpangaji asiyeandikwa kwenye mkataba.
Nasra akamwita Karani.

Wiki ya sita, konokono wawili.
Hewa kavu ya nyumba inakunywa maji,
upana wa kidole kila siku mbili,
nami kwa ukarimu wa mjinga
nikajaza maji ya chumvi.
Nikajaza tena.
Nikajaza tena.

Jumapili konokono mmoja kalala chali, mlango wazi.
Kipimo kikasema arobaini na mbili.
Ilitakiwa thelathini na tano.
Rodelio hakucheka. Simuni alisema tu:
"Maji huondoka. Chumvi haiondoki."

Nikakaa sakafuni.
Jambo hilo nililiona nikiwa na miaka sita,
nikipangusa moshi machoni, karai likipungua sauti.
Bibi hakunieleza.
Mwenye macho haambiwi tazama,
lakini mimi ningeambiwa.

Sasa kuna mstari mwekundu kwenye kioo,
rangi ya kucha ya Adventina, ambayo bado anaiulizia.
Kila asubuhi nusu kikombe cha maji matamu,
mpaka mstarini, basi.
Maji yaondokayo yarudi yalivyoondoka: bila kitu.

Machi nikaleta kipande cha tumbawe
kikubwa kama kifungo cha koti.
Nilikivalia koti, mfuko juu ya tumbo langu,
kwani kituoni ilikuwa hasi ishirini na mbili
na basi la Portage lilichelewa.
Dereva aliniona nikijishika tumbo, akanipisha kiti cha wagonjwa.

Siku tatu limefumba kama ngumi.
Leo Nasra amebandika pua kwenye kioo, anahesabu:
"Vinywa vitatu vimefunguka, baba. Vinne vimenuna."
Karani hajaonekana tangu Jumanne.

Mlangoni viatu vyangu vimekauka.
Chumvi ya barabarani imechora ramani nyeupe juu ya ngozi,
pwani ya nchi isiyokuwepo, na visiwa vyake.
Naitazama kitambo.
Kisha nachukua kikombe.