Nguzo ya Ghubra

Nilitumwa na ndoo, kisu cha kukwangulia
na chupa ya spiriti ya kufutia wino.
"Kasafishe," alisema Mhandisi Hilali, "wameichafua."

Nguzo yenyewe naijua. Herufi zake nilizikata mimi,
karakana ya Ghala, mwaka juzi,
nikajisifu kwa ule mstari mwembamba wa fedha
pembeni mwa jina. Maridadi!
Namba za njia nikazipaka nyekundu.

Wekundu umeliwa na jua.
Namba nne imebaki kama kovu la ndui,
na mstari wangu wa fedha, ambao hakuna aliyeuomba,
ndio peke yake unaong'aa.

Saa saba mchana. Nguzoni hakuna mtu.
Abiria wako hatua ishirini na mbili kutoka hapo, nilizihesabu,
wamejibana kwenye kivuli cha duka la magodoro,
kivuli chembamba kama mkanda wa suruali,
na kibao nilichokielekeza kwa dereva
kimewapa wao mgongo.
Mwenye macho haambiwi tazama:
aliyenena hivyo hakungoja basi Ghubra mwezi wa sita.

Mmoja wao alinisikia nikijisemea Kiswahili,
akaja na mwavuli wake. Kadzo, wa Kaloleni,
msafishaji wa kliniki ya meno.
"Wewe ndiye wa vibao?"
Nikaitika, nikidhani nitashukuriwa.
"Siku yangu ya kwanza nilipanda hapa kwenda Ruwi.
Nikafika Sibu.
Huku na ng'ambo kituo jina moja,
mapacha wamevishwa sare, na mama mwenyewe hawajui.
Nilikatwa mshahara wa siku nzima.
Wewe ulikatwa ngapi?"

Nikachutama mbele ya huo uchafu.

Ulikuwa hivi: kalamu nzito, nyeusi,
upande wa nguzo unaotazama dukani,
mshale, RUWI,
chini yake neno hilohilo kwa Kibangla,
kisha kwa Kimalayalamu, herufi za duara kama bangili kwenye kamba.
Ijumaa, mwingine ameongeza, msije kabla ya saa nane.
Na chini kabisa, kwa mwandiko wa kuegemea kushoto:
MLIMA UKIWA KULIA KWAKO HUJAPOTEA.

"Huo wako?"
Kadzo akatazama barabara.

Kisu nikakirudisha ndooni, nikatoa futi.
Urefu wa herufi, sentimita sita.
Kutoka chini, mita moja na robo,
usawa wa macho ya aliyechoka akakalia ndoo yake ya rangi.
Daftari lilibaki garini, nikaandika kiganjani.
"Unafanya nini?"
"Nanakili."
"Basi usisahau mshale. Majina tunayo,
tunaulizana. Mshale ndio tuliokosa."

Basi likatokea kule kwenye mzunguko, jekundu, linameremeta.
Watu wakachomoka kivulini, ndoo, mifuko,
kijana mmoja kiatu mkononi,
na mimi nikaona kwa mara ya kwanza
hatua ishirini na mbili ni nyingi kiasi gani.
Dereva alikuwa hajapunguza mwendo.
Kisha akaniona mimi, nimesimama wima, mkono juu, wino kiganjani,
akakanyaga breki.
Kadzo alipita akinipiga kikumbo kidogo cha mwavuli.
"Simama hapo kila siku," akasema.

Jioni, ofisini, baridi ya kiyoyozi.
"Umesafisha?"
"Bado." Nikafungua kiganja. Jasho limekula vipimo,
mshale tu unasomeka.
Nikamwambia: kibao chenye uso mbele na nyuma.
Herufi nene. Nyeusi, si nyekundu.
Upande huu kiandikwe Ruwi, ng'ambo Sibu, na mlima uchorwe.
Hilali akawa anaandika, anaandika,
nikapata moyo, nikaongeza: na kivuli, nguzo ilipo.

Kalamu ikasimama.
"Kivuli," akasema, "ni idara nyingine."
Akanielekeza ghorofa ya tatu.
Nilipanda. Milango kumi na sita koridoni,
yote myeupe, na hakuna hata mmoja
ulioandikwa kitu.