Atokako, Aendako

Daftari la wageni limepigwa mistari kwa kalamu nyekundu
na mtu ambaye hakuwa na rula.
Jina. Kabila. Kazi. Atokako. Aendako.
Nimejaza: Gwasa Ntilema, Muha, fundi mizani,
Kasulu, Sikonge.
Treni imechelewa saa tisa, basi halikunisubiri,
basi nimelala Tabora, kwenye ule mkwaju mwembamba
unaotenganisha safu mbili za mwisho.

Kalunde wa mapokezi anasoma maandishi yangu kichwa chini.
"Mizani? Za kilo?"
"Za chochote mnachouziana."
Akacheka kidogo, kisha akaacha.
Elfu kumi na mbili, na ufunguo
uliofungwa kwenye kipande cha mninga
kizito kuliko mlango unaoufungua,
mgeni asije akajisahau akaondoka nao.

Namba saba.
Sina ninachojua kufanya na chumba kigeni ila kukipima.
Futi tisa kwa saba; kitanda peke yake kimekula nne.
Ukitaka kuvua suruali, fungua kwanza dirisha,
kiwiko kipate pa kwenda.

Kandambili ya kushoto ni bluu, ya kulia nyekundu,
zote zimechomwa 7 kwa msumari wa moto:
nani aibe aibu ya namna hiyo?
Chandarua kimepigwa mafundo palipotoboka.
Nimeyahesabu, kumi na moja.
Kumi na moja basi walioamka usiku kabla yangu,
wakapapasa swichi,
wakalitafuta tundu, wakalifunga,
wakamwachia anayefuata.

Mlangoni: MGENI HARUHUSIWI KUFUA.
MGENI HARUHUSIWI KUPIKA.
VITU VYA THAMANI VIKABIDHIWE MAPOKEZI.
Nikalitazama sanduku langu la mawe ya shaba,
kuanzia gramu tano hadi kilo mbili,
nikalisukuma chini ya kitanda.

Ukuta haujafika darini, umechoka njiani.
Wa namba sita anazungumza na simu:
"Nimeshafika Nzega, mama Tatu. Niko kwa shemeji.
Ndiyo, nimekula."
Chafya ikanijia. Nikaibana puani kwa vidole viwili
mpaka machozi yakanitoka,
nisimrudishe mtu wa watu Tabora usiku ule.

Saa nane kiu ikanitoa.
Kalunde amelala kwenye benchi, kitenge mpaka utosini.
Juu ya kaunta, asali ya mama mwenye nyumba
ndani ya chupa zilizokuwa za maji,
na mizani.

Ningeweza kunywa maji nikarudi kulala.
Nikarudi, ndiyo, lakini kulifuata sanduku.
Nikaweka jiwe la kilo moja, taratibu, kama yai.
Mshale ukapanda, ukafika kilo, ukaipita,
ukaenda kutulia gramu sitini mbele.
Kila kilo, mnunuzi anaacha sitini hapa na kusema asante.

"Hizo sitini," kitenge kikasema,
"ndizo mshahara wangu."

Sikuwa na jibu. Kule Kasulu ninalo,
mbele ya afisa, nikiwa nimevaa koti.
Mbwa akabweka upande wa stesheni,
behewa likagonga behewa.
Nikatoa bisibisi.
Nilipomaliza, nikaweka jiwe tena:
thelathini.
Sijui nilimpunja nani.
Nimekuwa fundi miaka ishirini na miwili,
na hiyo ndiyo mizani pekee niliyoiacha nusu.

Asubuhi, aliyekuwa Nzega tangu jana
alikuwa bafuni, anajimwagia kopo baada ya kopo
na kupiga mluzi.
Nikatia sahihi ya kuondoka. Nikarudisha mninga.
Kalunde aliitazama mizani, akanitazama mimi,
akafungua chupa moja,
akanimiminia asali ndani ya kifuniko cha chai.
Ilijaa, ikafurika, ikateremka kwenye vidole vyake,
naye bado anamimina.