Tarehe Arobaini Mei

Mto Tornio umefunga mdomo tangu Novemba.
Nami tangu asubuhi nimekaa mbele ya skrini,
soksi mbili mbili za sufu miguuni,
nagombana na mashine isiyojua kugombana.
Inachojua ni kukataa kwa adabu:

*Programu hii haiwezi kuendeshwa kwenye kompyuta yako.
Wasiliana na aliyeitengeneza.*

Aliyeitengeneza yuko nyuma ya kanisa la mbao,
safu ya nne, chini ya theluji ya kiunoni.

Oiva aliiandika mwaka wa tisini na moja,
jikoni, akitoka zamu ya kiwanda cha chuma,
ili isajili siku barafu ya mto inapopasuka,
na nani mtaani alibashiri sawasawa,
na nani anamdai nani maandazi.
Disketi nimeikuta kwenye kopo la biskuti,
kati ya vifungo vya makoti tuliyokwisha kuyagawa.

Eemeli, mjukuu wangu, ananielekeza kwa simu toka Tampere.
"Bonyeza kulia, Bibi."
"Kulia nimemaliza mwaka juzi," nikamjibu.
Akanyamaza.
Kisha akasema polepole: "Upande wa kulia. Wa kipanya."

*Faili haikupatikana.*
Tukaitafuta, tukaipata, tukaihamisha.
*Kumbukumbu haitoshi.*
Hapo nikavua miwani.
Eemeli akaapa mashine hii ina kumbukumbu
mara elfu na elfu kuliko ile sanduku ya zamani;
shida ni kwamba programu haijui kukaa kwenye jumba,
inatafuta kile chumba chake kimoja cha mbele,
na chumba kina watu.
Tukawatoa watu mmoja mmoja:
kichapishi, kipanya, sauti.

*Kosa 200. Kugawanya kwa sifuri.*

"Lakini Babu yako hakugawanya chochote kwa sifuri," nikasema.
"Hata deni la maandazi aliligawa mpaka chembe."

Eemeli alisoma, akarudi baada ya chakula cha mchana.
Kumbe programu ikiamka hujipima kwanza:
huhesabu, kama mtoto anavyohesabu
kati ya radi kumulika na radi kunguruma,
ijue mashine ina mbio gani.
Mashine ya leo humaliza kabla ya "moja".
Jibu linakuwa si kitu,
na kwa hicho kisicho kitu programu inagawanya,
inaanguka.

Haina ugonjwa. Imewahiwa tu.

Basi tukaishika mashine mpya breki.
Ndani yake tukaiwekea nyingine ya kuigiza, kongwe, nzito,
tukaipunguza, tukaipunguza tena,
mpaka ikatembea kama Oiva akipanda ngazi za sauna
mwaka ule wa goti.

Ikalia mlio mmoja. Herufi za kijani.

1993: tarehe 9 Mei, saa nane usiku. Msajili hakulala.
1996: tarehe 17 Mei. Mshindi Helvi wa duka la rangi. Hajalipwa.
Mwisho, 2004, mwaka sanduku lilipoungua.
Baada ya hapo ni madaftari, na madaftari ninayo mapajani,
miaka kumi na saba ya mwandiko unaozidi kuinama.

Nikaanza kuingiza. 2005.
Kidole kikateleza; kumi na nne ikawa arobaini.

*Raili, Mei ina siku thelathini na moja
hata kwa wanaokunywa kahawa wakiandika.
Rudia.*

Kikombe nikakitua.

"Bibi? Nasikia imelia. Imetoa kosa tena?
Subiri, nitakurekebishia."
"Usiguse."
"Lakini—"
"Eemeli. Usiguse kitu."

Nikaandika: tarehe arobaini na moja Mei.

*Raili. Nilijua.*

Nje, gari la kukwangua theluji likapita, likarudi.
Madaftari yanangoja, na kijana ana kazi zake.
Nikapangusa miwani kwa ncha ya sweta,
nikaandika arobaini na mbili.